Sura ya 6: Gari Limeunguza Gasketi

Mshale wa temperecha ulipoanza kushuka nilimshukuru Mungu. Tulikuwa katikati ya Mlima Kitonga, tumetoka Ruaha Mbuyuni kwenye lile joto la bonde la mibuyu na vitunguu, na kwa muda mrefu mshale ulikuwa ukipanda kuelekea mstari mwekundu. Nilishazima kiyoyozi na kufungua madirisha. Mbele yangu palikuwa na lori limesheheni, mwendo wa kobe, nami nalifuata kwa gia ya pili kwa kuwa Kitonga hapakuwa na pa kulipita. Ghafla mshale ukalala. Ulishuka hadi chini kabisa, kama injini haijawashwa tangu jana. Nikamgeukia shemeji yangu aliyekaa kando, nikamwambia, "Umeona? Limepoa."

Halikuwa limepoa. Maji yalikuwa yamekwisha. Sensa ya joto hukaa ndani ya maji ya injini na kupima maji hayo. Yakitoweka, inabaki imening'inia kwenye hewa na mvuke, na kinachosomeka kwenye dashibodi hakina tena uhusiano na hali ya chuma. Kona mbili baadaye gari likakosa nguvu, moshi mweupe ukaziba barabara nyuma yetu, likasimama lenyewe. Utingo wa lori lililokuwa nyuma aliruka chini na kusukuma jiwe nyuma ya tairi langu kabla sijamaliza kuvuta handibreki. Alipoona mkono wangu unaelekea kwenye rejeta akapiga kelele: "Kaka, usifungue mfuniko! Utapoteza sura!"

Nilimtii, na hadi leo nafurahi nilimtii. Maji yaliyobanwa ndani ya rejeta yenye joto hayachemki kwa sababu yamekandamizwa. Ukiuzungusha mfuniko, kikandamizo kinaondoka, na maji yaliyobaki yanachemka kwa mkupuo mmoja na kuruka pamoja na mvuke, usoni kwako. Hata kumimina maji baridi kwenye injini iliyopata moto namna ile ni kosa, maana hedi ya alumini inaweza kupasuka kama glasi iliyotiwa uji wa moto. Tulikaa kando ya barabara zaidi ya saa moja, tukisikiliza chuma kikigongagonga kwa kupoa.

Gari lenyewe lilikuwa Hilux Surf la mwaka 1996, injini ya dizeli 1KZ-TE, silinda nne, ujazo wa sentimeta za ujazo 2,982. Ni injini yenye nguvu za kutosha na bado unaiona barabarani kila siku, Tanzania na Kenya. Ila ina tabia moja ambayo fundi yeyote atakuambia: hedi yake ni ya alumini, bloku ni ya chuma cha kumimina, na haisamehe dereva anayepuuza maji. Mimi nilikuwa nimeyapuuza. Kwa miezi miwili kila Jumamosi nilikuwa naongeza kama nusu lita ya maji, nafunga boneti, naendelea na safari zangu. Sikuwahi kujiuliza nusu lita hiyo inakwenda wapi, ilhali chini ya gari hapakuwa na tone.

Ili kuelewa ilikokwenda, fikiria nyumba ya kupanga yenye wapangaji watatu wasioelewana, na kati yao kuna ukuta mmoja tu, mwembamba. Mpangaji wa kwanza ni moto unaowaka ndani ya silinda. Wa pili ni maji yanayozunguka kupoza. Wa tatu ni oili inayopanda kwenda kulainisha valvu. Bloku ya injini iko chini, hedi iko juu, na wote watatu wanavuka kutoka moja kwenda nyingine kupitia matundu yaliyopangwa karibukaribu. Ukuta wao ni gasketi ya silinda hedi, kibamba chenye unene wa takriban milimita moja na nusu. Katika dizeli ya namna hii hewa inashindiliwa zaidi ya mara 20 kabla dizeli haijapulizwa ndani na kulipuka, na hilo hutokea mara nyingi kila sekunde. Ukuta unahimili yote hayo kwa sababu tu bolti za hedi zimeubana sawasawa kila upande.

Tatizo ni kwamba alumini na chuma havitanuki kwa namna moja vikipata joto. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha kumimina. Chukua hedi yenye urefu wa nusu meta, iwashe asubuhi ikiwa na digrii 20 na uifikishe digrii 100. Alumini hiyo ikiachwa huru ingerefuka karibu milimita moja. Bloku iliyo chini yake ingerefuka chini ya nusu milimita. Tofauti hiyo yote inamwangukia aliye katikati. Kila unapowasha gari na kila unapolizima, gasketi inasuguliwa na pande mbili zinazovutana. Iliyotengenezwa vizuri huvumilia hivyo miaka 20. Injini ikichemka, mambo ni mengine: hedi inataka kutanuka kuliko bolti zinavyoiruhusu, inajipinda katikati, na ikipoa hairudi ilivyokuwa. Hapo mwanya unafunguka, moto unapenya, na mahali palipopenya moto panazidi kuliwa siku hadi siku. Ndiyo maana tunasema gasketi imeungua. Ukiishika mkononi unaona kabisa weusi wa njia ambayo moto umepita.

Kwa hiyo nusu lita yangu ya Jumamosi ilikuwa inaingia kwenye silinda usiku, gari likiwa limelala, na asubuhi inatoka kwenye ekzosi. Dalili nilikuwa nazo. Asubuhi gari lilikuwa linatoa moshi mweupe unaokaa hewani, nikasema ni baridi. Lilikuwa linawaka kwa kutetemeka kama lina silinda tatu, kisha baada ya dakika linatulia, nikasema ni hita plagi. Mpira mkubwa wa juu wa rejeta ulikuwa unakuwa mgumu kama fimbo dakika mbili tu baada ya kuwasha, wakati injini bado baridi. Hilo la mwisho ningelijua maana yake lingeniokoa. Maji baridi hayana sababu ya kuwa na kikandamizo. Mpira ukikakamaa kabla maji hayajapata joto, kinachousukuma ni gesi ya kutoka kwenye silinda.

Dalili ambayo kila mtu anaijua ni ile ya chai ya maziwa: unachomoa stiki ya oili, unakuta oili imegeuka rangi ya kahawia hafifu, nzito, yenye povu. Hiyo ikitokea usiwashe injini hata kwa dakika moja, kwa sababu oili iliyochanganyika na maji hailainishi beringi za kreki, na beringi zikienda, hesabu inakuwa nyingine kabisa. Lakini kukosa chai ya maziwa si cheti cha afya. Gasketi inaweza kuungua kati ya maji na silinda pekee, oili ikabaki safi nyeusi kama kawaida. Yangu ilikuwa hivyo. Na kinyume chake pia kipo: gari la mjini linalokwenda kilomita mbili na kuzimwa, hasa kwenye baridi ya Mbeya au Limuru, hujikusanyia utando wa rangi ya maziwa chini ya mfuniko wa kuwekea oili, na ni unyevu wa hewa tu. Tazama stiki kabla hujaogopa mfuniko.

Tulivutwa hadi Iringa mjini kwa kamba. Fundi niliyepelekwa kwake alikuwa mtu mzima, mpole, na jambo la kwanza alilonifanyia liliniudhi: alikataa kufungua injini. Nilikuwa na haraka, nilitaka aniambie bei ya gasketi. Yeye akajaza maji, akaacha mfuniko wazi, injini ikiwa baridi, akamwambia kijana wake apige starta, naye akainama kutazama mdomo wa rejeta kama mtu anayechungulia kisima. Mapovu yakaanza kupanda, madogo, mfululizo, hayaishi. Akaniita nitazame. Kisha akafungua nozeli moja moja na kupima nguvu ya mgandamizo. Silinda ya kwanza na ya nne zilikuwa nzuri, ya pili na ya tatu, zilizo jirani, zote chini.

"Mzee wangu, gasketi imeungua," akasema. "Sasa tutafute aliyeiua."

Sentensi hiyo ya pili ndiyo inayotofautisha fundi na mtu mwenye spana. Gasketi ni kifaa kisichosogea na kisichozunguka. Ikiungua, mara nyingi sana imeunguzwa, na aliyeiunguza bado yuko ndani ya gari anasubiri gasketi mpya. Nimewaona watu wengi waliofunga gasketi tatu ndani ya mwaka mmoja, na kila mara wanamlaumu muuza spea kwamba kauza feki. Spea feki zipo, tena nyingi. Lakini rejeta iliyoziba itaunguza hata ile iliyotoka kiwandani kwenye boksi lake.

Wauaji wa kawaida si wengi. Kuna rejeta iliyoziba ndani au iliyojaa matope na wadudu kwa nje, kati yake na kipozeo cha kiyoyozi, mahali ambapo hakuna anayepaosha. Kuna pampu ya maji ambayo mapezi yake yameliwa na kutu. Kuna feni: kwenye magari kama langu feni haikufungwa moja kwa moja, ina koplingi yenye mafuta mazito ya silikoni, na mafuta hayo yakiisha feni inazunguka kivivu, barabarani kwenye upepo huoni tatizo, mlimani nyuma ya lori unaliona. Na kuna termostati, ambayo wengi wetu tumeshaing'oa na kuitupa kwa ushauri wa mafundi wa barazani wanaosema nchi ya joto haihitaji termostati. Ni ushauri mbaya. Termostati huiwezesha injini kufika joto lake haraka na kukaa hapo, na katika injini nyingi ndiyo inayofunga njia ya mkato ya maji ili yote yapite kwenye rejeta. Ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka bila kupozwa.

Kwangu waliokutwa walikuwa wawili. Rejeta, fundi wake alipofumua tenki la juu, ilikuwa na ukoko mweupe kwenye zaidi ya theluthi ya mirija yake. Ukoko huo ni wangu. Kwa miaka nilikuwa najaza maji ya kisima cha Dar es Salaam, maji ambayo ukichemshia chai unaonja chumvi. Injini inapasha moto maji hayohayo kila siku, chumvi inabaki ndani. Mbali na kuziba, maji matupu yanaacha alumini na chuma vikilana kwa kutu, na kutu hula kwanza kingo za matundu ya maji kwenye hedi, palepale gasketi inapokaa. Kulanti haikuwekwa kwa ajili ya barafu ya Ulaya peke yake. Dawa ya kuzuia kutu iliyomo ndiyo inayotuhusu sisi.

Wa pili alikuwa mfuniko wa rejeta. Huu ndio unaoniuma. Mfuniko wa gari langu umeandikwa 0.9, maana yake unatakiwa kushikilia kikandamizo cha takriban baa 0.9 juu ya kile cha hewa. Kwa kikandamizo hicho maji ya Dar es Salaam hayachemki digrii 100, yanangoja hadi karibu 118. Mpira wa mfuniko wangu ulikuwa umekauka na kupasuka, haukushikilia chochote. Iringa iko zaidi ya meta 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwa kila meta 300 unazopanda, kiwango cha kuchemka kinashuka kama digrii moja. Bila mfuniko mzima, huko juu maji huchemka kwenye digrii 95. Nilikuwa nimeingia Kitonga na injini inayofanya kazi kuliko siku zote, feni isiyo na upepo wa kuisaidia, rejeta iliyoziba, na maji yaliyo tayari kuchemka mapema kwa zaidi ya digrii 20.

Hedi iliposhuka, fundi aliifuta, akalaza juu yake rula nene ya chuma iliyonyooka, akaanza kupitisha kibamba chembamba cha kupimia chini yake. Kibamba cha sehemu moja ya kumi ya milimita kilipita katikati bila kugusa. Kwa hedi nyingi za alumini hapo ndipo mwisho wa uvumilivu. Unywele mmoja wa kichwani hauna unene mkubwa kuliko huo, lakini mwanya huo unautosha moto wa dizeli. Hedi ikaenda kuchongwa kwenye mashine, na kabla ya kuchongwa ikapimwa nyufa kwa kuzibwa matundu na kusukumiwa hewa ndani ya maji ya moto. Msisitizo wangu uko hapo, kabla ya kuchongwa. Injini ya aina hii hupenda kupasuka kati ya valvu na valvu, na kulipia mashine isawazishe hedi yenye ufa ni kupaka rangi nyumba iliyouzwa. Yangu ilipona.

Mitaani kuna njia ya bei rahisi: kioo kinalazwa chini, juu yake msasa, na vijana wawili wanaisugua hedi kwa mikono hadi ing'ae. Sitaki kuidharau kazi ya mikono. Kwa gasketi za zamani, zile laini, njia hiyo imewapeleka watu makwao. Gasketi za chuma za tabaka kadhaa zinazotumika kwenye injini nyingi za sasa zinataka uso laini na ulionyooka ambao msasa na jicho haviwezi kuuhakikisha. Na ukikuta gari la zamani sana, lenye gasketi ya zama za asbesto, usikwangue mabaki yake yakiwa makavu ukavuta vumbi, yaloweshe kwanza.

Jambo jingine ambalo sikulijua kabla ya siku hiyo: gasketi ya 1KZ-TE haiji kwa unene mmoja. Kuna madaraja matatu yaliyogongwa herufi B, D na F, na unachagua kwa kupima pistoni zinatokeza kiasi gani juu ya bloku zikifika kileleni. Muuza duka niliyempigia simu aliniuliza gari tu, hakuniuliza herufi. Fundi alipima, akatazama herufi ya gasketi ya zamani, vikakubaliana, ndipo tukaagiza.

Kufunga kulichukua muda mfupi kuliko kusafisha. Matundu ya bolti kwenye bloku yalipulizwa hadi yakauka, kwa sababu oili au maji yakibaki chini ya tundu, bolti ikikazwa inayasukuma na bloku inaweza kupasuka. Bolti zenyewe zilipimwa urefu, maana hizi huvutika zikikazwa na iliyovutika kupita kiasi haibani tena. Kisha toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya mkono, kuanzia katikati kwenda nje kwa kuzunguka, hatua kwa hatua. Fundi hakuruhusu mtu azungumze naye wakati huo. Mtu anayekuambia mkono wake una kipimo, mwache akakaze bolti za tairi.

Kuna njia ambayo hatukuifuata, nayo ni dawa ya chupa. Wasafiri wana za kwao za asili, ute wa yai au manjano kwenye rejeta, na kwa tundu la sindano la rejeta zinaweza kukufikisha kituo kijacho. Za dukani zinazodai kuziba gasketi, nyingi zina silikati ya sodiamu, kimiminika kinachogeuka kama kioo kikipata joto kali. Mwaka 2009 serikali ya Marekani ilipolipa watu wasalimishe magari yao yanayokula mafuta mengi, ilitaka injini za magari hayo ziuawe zisirudi barabarani. Kilichomiminwa mahali pa oili kuziua kilikuwa silikati ya sodiamu. Ndani ya maji ya injini haifanyi kazi ileile, na ipo siku imemfikisha mtu nyumbani. Lakini haichagui mwanya. Inaziba na mirija ya rejeta. Kwa gari unalotaka kubaki nalo, usiitumie.

Na swali la kama gari la zamani linastahili gharama yote hii lina jibu baada tu ya hedi kushuka. Hedi ikiwa imepinda na haina ufa, silinda hazina mikwaruzo, tengeneza. Ikiwa imepasuka, piga hesabu ya hedi mpya dhidi ya injini ya mtumba, ukikumbuka kwamba injini ya mtumba nayo ilitolewa kwenye gari la mtu kwa sababu ambayo huambiwi, na kwamba namba yake lazima ikabadilishwe kwenye kadi ya gari Mamlaka ya Mapato, TRA. Mimi niliwahi kupendekezewa injini nzima na mtu ambaye hakuwa amefungua hata boneti.

Gari liliwashwa siku ya nne jioni. Tulilipandisha pua kwenye mwinuko mdogo ili hewa itoke, hita ikiwa wazi, tukaongeza kulanti hadi mapovu yakaisha. Oili ilibadilishwa siku hiyo na tena baada ya kilomita 500. Katika orodha ya vitu nilivyolipia, mfuniko wa rejeta ulikuwa wa bei ndogo kuliko vyote. Kesho asubuhi, kabla hujawasha na injini ikiwa baridi kabisa, fungua wa kwako, ugeuze, na uutazame mpira wake.